Upweke wa Nambari Moja

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kina jambo ambalo wengi hulipita wakisoma. Kinapoorodhesha wanafunzi wenye mahitaji maalumu hakiishii kwa wasioona, wasiosikia na wenye ulemavu wa akili au wa viungo. Kinawataja pia wanafunzi wenye vipawa na vipaji vya pekee. Anayekutana na orodha hiyo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani karani alipitiwa. Mtoto anayeongoza darasa kila muhula anahitaji nini zaidi ya vitabu na karo? Katika shule za kisiwani Mfangano, wanaowatia walimu wasiwasi ni watoro, wavulana walioanza kufuata mashua za omena, wasichana walioacha masomo kwa ujauzito, na waliofika gredi ya sita bila kusoma sawasawa. Nambari moja hayumo katika hesabu hiyo. Yeye ni wa kuonyeshwa wageni. Hoja yangu ni kwamba sheria iliona vizuri kuliko sisi. Mtoto anayewapita wenzake kwa mbali ana maisha ya moyo yanayohitaji kuangaliwa, na upweke unaomwandama hakuzaliwa nao. Tunamtengenezea: kwa namna tunavyompongeza, kwa mzigo tunaomtwika, na hasa kwa desturi ya kumng'oa peke yake na kumpeleka mbali, kana kwamba werevu ni ugonjwa ambao dawa yake iko Nairobi.

Mfangano panafaa kwa kulitazama jambo hili kwa sababu hapo kila kitu ni kidogo na kinaonekana. Kisiwa kiko katika Ziwa Victoria, eneobunge la Suba Kaskazini, kaunti ya Homa Bay; ukitoka Mbita unavuka kwa feri au kwa mashua ya mbao yenye injini hadi Sena na fuo nyingine. Uchumi ni samaki: mbuta, ngege, na omena wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchana. Wenyeji ni Abasuba, ambao lugha yao ya Olusuba imemezwa na Dholuo kiasi kwamba watoto wengi huisikia kwa wazee tu. Mtoto huanza na Dholuo nyumbani, akaongeza Kiswahili, kisha mitihani inayoamua maisha yake huifanya kwa Kiingereza. Juu ya hayo kuna historia ya Ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 uliikuta Homa Bay ikiwa na kiwango cha juu kuliko kaunti zote, asilimia 19.6 ya watu wazima, nayo Migori, jirani yake wa kusini, haikuwa mbali na kilele cha orodha hiyo. Nyuma ya takwimu hizo kuna nyumba nyingi ambamo nyanya ndiye mama na ndiye baba. Katika nyumba kama hiyo mtoto mwerevu haachiwi nafasi ya kuwa mtoto. Anakuwa mpango wa familia nzima, na mara nyingine mpango wenyewe hauna ukurasa wa pili.

Kabla ya kwenda mbele, kuna uvumi mkongwe wa kuondolewa njiani, kwamba akili nyingi na wazimu ni majirani. Mwaka 1921 mwanasaikolojia Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwafuatilia watoto wapatao 1,500 wa California waliopata alama za juu sana katika vipimo vya akili, akaendelea nao hadi utu uzima. Imani ya wakati ule ilikuwa kwamba watoto wa namna hiyo ni dhaifu wa mwili na wagumu wa kuishi na watu. Terman alikuta watoto wenye afya, wanaopendwa na wenzao, wasio na misukosuko kuliko wengine. Kazi yake ina kasoro isiyofichika: walimu ndio waliopendekeza wa kupimwa, na walimu popote duniani hupendekeza mtoto asiyesumbua. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa wakaachwa nje, na baadaye kila mmoja akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Hata hivyo sehemu kubwa ya alichokiona imesimama. Werevu peke yake haumfanyi mtoto kuwa mgonjwa wa moyo.

Leta Hollingworth, aliyefanya kazi New York miaka hiyohiyo, aliongeza jambo linalotuhusu zaidi. Aliona kwamba watoto wenye kipimo cha kati ya 125 na 155 huishi vizuri na wenzao, hata huwa viongozi wao. Wale wachache sana waliozidi 180, ambao kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 1942 yeye akiwa ameshafariki, walielekea kukaa peke yao. Sababu aliyoitoa haina muujiza wowote: hawakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Upweke, kwa maelezo hayo, ni suala la walio karibu nawe. Ilete hesabu hiyo katika shule yenye mkondo mmoja. Tuseme tunamzungumzia mtoto ambaye ni mmoja kati ya mia. Katika shule ya mjini yenye wanafunzi elfu moja, wa aina yake watakuwa kumi. Katika shule ya kisiwani yenye mia mbili watakuwa wawili, mmoja gredi ya pili na mwenzake ya saba. Mtoto wa Mfangano, kwa hiyo, hahitaji kuwa gwiji wa kutikisa dunia ili akose mwenzake wa kubishana naye kuhusu nyota. Inatosha awe mwerevu kiasi, katika shule ndogo, mahali penye maji pande zote. Watu wakimwona amenyamaza watasema ni mtoto mwenye adabu.

Kijiji chenyewe kinaitazamaje akili? Swali hilo limewahi kuulizwa, tena katika nchi ya Waluo. Mwaka 2001 Elena Grigorenko, Robert Sternberg na wenzao walichapisha utafiti kuhusu jinsi watu wa kijiji kimoja wanavyoielewa akili, wakakuta inagawanyika sehemu nne. Kuna rieko, maarifa na ujuzi, ukiwamo wa darasani. Kuna luoro, heshima na kuwajali watu. Kuna winjo, kuelewa mambo ya maisha yanavyokwenda na jinsi ya kuyakabili. Na kuna paro, uwezo wa kuwaza na kuanzisha jambo. Walipolinganisha na matokeo ya shule na vipimo vya kawaida, ni ile ya kwanza tu iliyohusiana nayo. Hili si jambo dogo. Linaonyesha kwamba jamii inayodhaniwa haina habari za maisha ya kijamii ya mtoto mwerevu imeyaweka ndani ya tafsiri yake ya werevu tangu hapo. Mtoto anayejua hesabu na hajui kukaa na watu, kwa wanakijiji hao, amefika robo ya njia. Shule ndiyo iliyozikata zile robo tatu, ikazirudisha nyumbani kama mambo ya malezi, kisha ikampa cheti kwa robo iliyobaki.

Watafiti hao pia walifanya kazi Usenge, mji wa wavuvi kwenye ziwa hilihili, wakawapima watoto 85 wa umri wa miaka 12 hadi 15 ujuzi wao wa dawa za mitishamba, ujuzi ambao watoto wa huko huutumia kweli dhidi ya malaria na minyoo. Walipolinganisha alama hizo na zile za msamiati wa Kiingereza, waliojua dawa zaidi walielekea kujua Kiingereza kidogo zaidi. Maelezo ya watafiti ni kwamba familia huwa zimeshaamua mapema nani ni wa shule na nani ni wa nyumbani, na muda wa mtoto hugawanywa kufuatana na uamuzi huo. Hapa ndipo naona mwanzo wa upweke tunaouzungumzia, na hauanzi kwa chuki, unaanza kwa upendo. Mtoto mwerevu anaondolewa kazi. Haaniki omena, hatumwi ufuoni, hapelekwi shambani, "mwacheni asome." Lakini kazi hizo ndizo mahali watoto wa kisiwani wanapozungumzia mambo yao yote, wanapotaniana, wanapogombana na kupatana. Anayesamehewa kazi anasamehewa pia mazungumzo. Akifika umri wa miaka 12 anajua majina ya mito ya Amerika ya Kusini na hajui ni nani amegombana na nani katika kikosi chake cha kandanda, ikiwa bado yumo kikosini.

Kisha kuna sifa. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walitoa matokeo ya majaribio kadhaa kwa wanafunzi wa darasa la tano huko Marekani. Baada ya kazi rahisi, wengine waliambiwa wamefanya vizuri kwa sababu wana akili, wengine kwa sababu wamejitahidi. Kundi la kwanza, likipewa nafasi ya kuchagua, lilielekea kukimbilia kazi rahisi ili lisipoteze jina. Likikutana na kazi ngumu lilivunjika moyo upesi na kufanya vibaya zaidi baadaye, na karibu asilimia 40 yao walipotakiwa kumweleza mtoto mwingine alama walizopata, walidanganya. Sasa hesabu ni mara ngapi nambari moja wa kijiji husifiwa kwa jinsi alivyo na mara ngapi kwa alichofanya. "Huyu ni kichwa." "Huyu ndiye daktari wetu." Mtoto anayeambiwa hivyo tangu akiwa na miaka saba hana njia ya kukubali kwamba hajaelewa sehemu za desimali, kwa kuwa akikosa jibu amekosa na jina.

Na jina hilo lina bei. Karo ya bweni katika shule za kitaifa iliyopangwa na serikali kwa miaka mingi ilikuwa Sh53,554 kwa mwaka, kabla hujanunua sanduku, godoro na sare. Kwa anayeuza omena kwa mkebe fedha hizo hazipo. Zinatafutwa: basari ya eneobunge, basari ya kaunti, harambee, kanisa, au ufadhili wa kushindaniwa kama Wings to Fly ulioanzishwa mwaka 2010 na wakfu wa benki ya Equity, mpango uliowasomesha maelfu ya watoto ambao vinginevyo wangebaki ufuoni. Sina ugomvi na harambee wala na wafadhili. Ninachosema ni kwamba kila shilingi ya watu wengi ina macho ya watu wengi. Mtoto aliyechangiwa na kijiji hawezi kuandika barua kusema kwamba halali usiku, kwamba fizikia imemshinda, kwamba anataka kubadilisha tahasusi. Huko nyumbani wangeuliza kama wametupa pesa zao majini. Kwa hiyo anaandika kwamba yuko salama.

Anakoandikia barua hiyo ni katika bweni lililojaa nambari moja wengine. Mtaalamu wa Australia, Herbert Marsh, ametumia miongo kadhaa kuonyesha jambo ambalo kila aliyewahi kuhama shule ya kijijini analijua bila takwimu: wanafunzi wawili wenye uwezo uleule wakiwekwa mmoja katika shule ya kawaida na mwingine katika shule ya wateule, yule wa pili hujiona ana uwezo mdogo zaidi. Yeye na Kit-Tai Hau walilipima hilo katika nchi 26 wakalikuta karibu kila mahali. Mtoto wa Mfangano hupata pigo hilo mara mbili. Anapoteza nafasi ya kwanza, ambayo ndiyo jina pekee alilopewa, na anapoteza wakati huohuo kila mtu aliyemjua kabla ya jina hilo. Lafudhi yake inachekwa. Hajui chakula cha shuleni kinaombwaje nyongeza. Siku ya wazazi kutembelea watoto, nyanya hana nauli ya kuvuka ziwa na kupanda basi la usiku.

Atakayesema kwamba maumivu hayo ni bei ya haki ya elimu bora anadai jambo linalopimika, na limeshapimwa. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa wanafunzi wa Kenya waliokuwa karibu kabisa na mstari wa kuingia shule za kitaifa, waliouvuka kidogo na waliokosa kidogo. Wanafunzi hao walikuwa sawa kwa uwezo, na tofauti yao ilikuwa ni shule waliyopelekwa. Waliokwenda shule za kitaifa walipata majengo bora na wenzao wenye alama za juu zaidi. Lakini ulipofika mtihani wa KCSE, watafiti hawakuona ushahidi wa maana kwamba shule hizo ziliwaongezea alama. Sifa kubwa ya shule hizo hutokana na wanaoingia humo. Sidai kwamba shule ya kitaifa haina faida nyingine. Kukaa chumba kimoja na mtoto wa Garissa na wa Kwale kwa miaka minne ni elimu, na marafiki wa Alliance au Mang'u hufungua milango ya ofisi miaka 20 baadaye. Lakini tusimwambie mtoto avumilie kwa ajili ya alama, kama alama angezipata karibu na kwao.

Historia ya kaunti ya Homa Bay ina watu wawili ninaowafikiria katika jambo hili, ingawa watu wawili si ushahidi. Tom Mboya, Msuba wa familia ya Rusinga, kisiwa jirani na Mfangano, alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la katani karibu na Thika alikofanya kazi baba yake, akasoma Kabaa, Yala na Mang'u, karo ikaisha kabla hajamaliza. Alikwenda kusomea ukaguzi wa afya, na huko aliongoza baraza la wanafunzi. Mwaka 1959 alipoandaa ndege ya kwanza ya wanafunzi kwenda Marekani, walisafiri 81 pamoja. Mwaka uliofuata Wangari Maathai alikwenda kwa mpango huohuo, na katika chuo kidogo cha Kansas alichopelekwa alikuwa na msichana mwenzake Mkenya. Barack Obama mkubwa, mzaliwa wa upande wa Kendu Bay, alikuwa na akili ambayo hata maadui zake hawakuibishia. Aliondoka Maseno bila kumaliza, akajisomea kwa posta, na mwaka huohuo wa 1959 akaenda Hawaii, lakini hakuwa katika ndege ile. Alikwenda kwa njia yake. Alifika hadi Harvard, akarudi, mwaka 1965 akaukosoa hadharani waraka wa serikali wa ujamaa wa Kiafrika uliotoka katika wizara ya Mboya mwenyewe, akapoteza kazi, akanywa pombe sana, akafa kwa ajali ya gari Nairobi mwaka 1982. Hakuna anayeweza kusema kwamba mwenzi mmoja wa safari angebadilisha maisha hayo, na siasa za wakati ule zilikuwa na meno. Lakini inavutia kwamba mwanasiasa wa Rusinga, ambaye hakuwahi kusoma saikolojia, aliwasafirisha wanafunzi kwa makundi.

Pingamizi kubwa linalonikabili ni la haki. Kuna watoto wa Mfangano wanaokaa sakafuni, na mimi nazungumzia huzuni ya anayeongoza? Tena mfumo wetu tayari unampendelea. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walipochunguza ugawaji wa vitabu vya kiada magharibi mwa Kenya walikuta vitabu viliwasaidia wanafunzi waliokuwa tayari mbele, kwa kuwa viliandikwa kwa Kiingereza na kwa kasi ambayo wengi hawakuiweza. Nalikubali lote hilo, na ndiyo maana siombi vitabu zaidi kwa ajili ya nambari moja, wala maabara yake, wala shule yake. Ninachokiomba hakimnyang'anyi mwenzake dawati. Ushahidi mwingine wa upande huohuo wa nchi unaonyesha kwamba kumshughulikia mwerevu bila kumtenga kunaweza kuwafaa wote. Mpango wa ufadhili kwa wasichana wa Busia waliofanya vizuri, uliochunguzwa na Kremer, Edward Miguel na Rebecca Thornton, uliinua hata alama za wasichana ambao hawakuwa na matumaini ya kushinda, na walimu wakaanza kufika kazini zaidi. Naye Esther Duflo, pamoja na Pascaline Dupas na Kremer, walifuatilia shule 121 zilizopewa mwalimu wa ziada. Katika nusu yake darasa la kwanza liligawanywa kwa uwezo, na makundi yote mawili yakafaidika, la juu na la chini. Watakaoitumia kazi hiyo kutetea shule za wateule wasisahau kwamba watoto hao waligawanywa kwa milango ya madarasa. Walicheza uwanja mmoja na jioni wakarudi nyumbani kwa njia moja.

Kuna pia wanaoona haya yote ni kudekeza. Kizazi kilichotembea kilomita kumi kwenda shule hakina subira na mazungumzo ya hisia, na hoja yao ina uzito wake, kwa maana ustahimilivu hujengwa kwa kukutana na ugumu. Jibu langu ni Starehe. Shule ile iliyoanzishwa na Geoffrey Griffin na wenzake mwaka 1959 kwa watoto wa mitaani na yatima haikuwahi kuitwa laini. Gwaride, usafi, kengele, kazi za kujitolea wakati wa likizo. Lakini ilikuwa na baraza, ambapo mvulana yeyote aliweza kusimama mbele ya shule nzima na kumwuliza mkurugenzi swali au kumlalamikia, naye akajibiwa. Nidhamu kali na sikio lililo wazi vilikaa chini ya paa moja kwa miongo. Shule zetu nyingi zimechukua kengele zikaacha baraza. Mwalimu wa ushauri nasaha yupo kwenye karatasi, lakini ana vipindi vyake vya kawaida vyote, na wanaopelekwa kwake ni waliokamatwa na makosa. Nambari moja hana kosa la kumfikisha pale.

Pingamizi linalonipa shida zaidi ni la tatu: kwamba kisiwa hakina cha kumpa mtoto huyo, na kumbakiza karibu ni kumnyima. Miaka 20 iliyopita nisingekuwa na la kusema. Leo ninalo. Kusini, kwenye ufuo wa Muhuru Bay, kaunti ya Migori, shule ya bweni ya wasichana ya WISER, iliyofunguliwa mwaka 2010 kwa ushirikiano wa wenyeji na watu wa Chuo Kikuu cha Duke, imekuwa ikiwasomesha wasichana wa vijiji vya wavuvi hadi vyuo vikuu, palepale, ikichukulia afya na usalama wa msichana kuwa sehemu ya masomo. Mbita, ng'ambo ya mlango wa maji, kuna kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, kinachoitwa kwa jina la Thomas Odhiambo, mwanasayansi aliyeianzisha taasisi hiyo mwaka 1970. Hapo ndipo ilipokuzwa mbinu ya sukuma-vuta ya kupambana na viwavi vya mabua na kiduha, ambayo imesambaa Afrika Mashariki. Mtoto wa gredi ya nane Mfangano anayechukuliwa kuwa hana mtu wa kuzungumza naye kuhusu wadudu anaishi umbali wa safari ya mashua kutoka kwa wataalamu wa wadudu wanaojulikana duniani. Homa Bay mjini kuna chuo kikuu chenye jina la Mboya. Kinachokosekana ni mtu wa kuwakutanisha, na nauli ya mashua.

Mabadiliko ya mtaala nayo yameleta nafasi ambayo sidhani waliobuni waliikusudia. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na sekondari msingi imewekwa katika shule za msingi. Maana yake mtoto anabaki nyumbani hadi gredi ya tisa, akiwa na miaka 14 au 15, badala ya kuondoka na sanduku akiwa na miaka 13. Walimu wa sekondari msingi ni wachache na maabara ni haba, hilo halina ubishi. Lakini kwa moyo wa mtoto mwaka mmoja au miwili zaidi kati ya watu wake ni mali, ikiwa itatumiwa. Itumiwe vipi? Kwa kuanzia, arudishwe kwenye omena na kwenye kandanda, alama hazitaanguka. Asifiwe kwa swali aliloliuliza na kwa jaribio alilolirudia. Apewe kazi ya kumfundisha mwenzake, jambo ambalo litamkumbusha luoro bila hotuba. Wafadhili wangeandika wazi katika barua zao kwamba kubadilisha mkondo au kushuka muhula mmoja hakumkatizi mtu ufadhili. Vijana wa kisiwa walioko vyuoni, wanaporudi Desemba, wangeombwa wazungumze na wanaojiandaa kuondoka, wawaeleze pia wiki zile za mwanzo walizolia. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri bajeti ya Nairobi.

Wizara nayo ina deni lake. Sera ya elimu ya mahitaji maalumu ya mwaka 2009 iliwahesabu wenye vipawa. Ile iliyokuja baada yake mwaka 2018 ilijielekeza, kama jina lake linavyosema, kwa wanafunzi wenye ulemavu, jambo lililokuwa la haki na lililochelewa, lakini halikuhitaji kuwaacha wengine bila sera. Sheria ya 2013 bado inawataja, na hakuna ofisi inayoulizwa.

Wakati sera inasubiriwa, ofisi ya elimu ya Mbita inaweza kufanya jambo moja la mchana mmoja. Kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na kila mwaka kundi jingine litafuata, kila mtoto akipangiwa shule yake. Mfangano, Rusinga, Takawiri na Remba zote zina watoto katika orodha hiyo. Ipangwe upya kwa shule waendazo badala ya shule watokazo, na itaonekana mara moja nani na nani wanaelekea mahali pamoja. Waitwe na walezi wao wiki mbili kabla ya kufungua, wajuane, wabadilishane namba za simu za nyumbani, wakubaliane kupanda basi moja. Na pale ambapo mmoja ameonekana anakwenda peke yake, mwalimu mkuu wa shule anakokwenda apigiwe simu aulizwe kama kuna mwanafunzi wa Gredi ya 11 kutoka ziwani atakayempokea getini.